Mbwa wa Kazi na Mfugaji Anayemfaa: Kuzuia Jeraha Kabla ya Meno Kufika

Utangulizi

Saa mbili usiku mama mmoja anaingia katika kituo cha afya akiwa amembeba mtoto wa miaka saba. Shavu la mtoto lina matundu mawili na mchubuko mrefu unaoelekea sikioni. Muuguzi anauliza mbwa ametoka wapi. "Ni wetu, dada. Tumemlea tangu mdogo," mama anajibu. Anapoulizwa kama mbwa huyo amechanjwa, mama anamtazama mumewe, naye mume anatazama sakafu.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini wahudumu wa afya wengi watakitambua. Katika faili la mgonjwa yataandikwa mahali pa jeraha, kina chake na saa ya tukio. Hayataandikwa yaliyotangulia. Baba alimnunua mbwa huyo, mbegu ya German Shepherd, baada ya nyumba ya jirani kuvunjwa na wezi. Alimchukua kutoka kwa mama yake akiwa na wiki tano. Kwa miaka miwili mbwa alifungiwa bandani kutwa na kufunguliwa usiku katika ua mdogo. Hakuwahi kutembezwa nje ya geti. Alipobweka sana alipigwa fimbo. Alipomngurumia mtoto aliyekaribia chakula chake alipigwa zaidi, hata akaacha kunguruma. Jioni hiyo mtoto alikwenda kuokota mpira karibu na bakuli.

Makala haya yanaeleza namna ya kumlinganisha mbwa mwenye nguvu nyingi na mfugaji anayemfaa, misingi ya kumfundisha, na jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana na afya ya jamii. Hoja yake kuu ni kwamba majeraha mengi ya mbwa wa nyumbani huanza siku mbwa anapochaguliwa, muda mrefu kabla ya meno kugusa ngozi.

Kwa nini jambo hili ni la afya

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao barani Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Takriban watu wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

Hata pale ambapo kichaa cha mbwa hakipo, jeraha la meno halipaswi kudharauliwa. Mdomo wa mbwa hubeba bakteria wengi, na tundu dogo la juu laweza kuficha uharibifu mkubwa wa misuli na mishipa. Pepopunda nayo huweza kuingia kwa njia hiyo. Kwa watoto wadogo, ambao uso wao uko karibu na kimo cha mbwa, majeraha mara nyingi huwa kichwani, usoni na shingoni. Tena, mtoto mara nyingi hung'atwa na mbwa anayemfahamu: wa nyumbani kwao, wa jirani au wa ndugu.

Mbegu ya mbwa ni kazi iliyorithiwa

Anayechagua mbwa kwa kutazama sura peke yake huwa ameona nusu ya mnyama. Nusu ya pili ni kazi ambayo mababu wa mbwa huyo walichaguliwa kuifanya, kizazi baada ya kizazi.

German Shepherd ni mfano mzuri. Mwaka 1899 mwanajeshi wa Kijerumani, Max von Stephanitz, alimnunua mbwa mmoja katika maonyesho ya Karlsruhe na kuanzisha chama cha kuiendeleza mbegu hiyo. Alitaka mbwa wa kuchunga kondoo: mwenye akili, mtiifu, na awezaye kukimbia kando ya kundi siku nzima. Dume wa mbegu hii huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40. Border Collie, mbwa wa mpaka wa Uingereza na Uskoti, alichaguliwa kwa kuwakusanya kondoo milimani kwa kuwakazia macho na kuwazunguka. Rottweiler, aliyepewa jina la mji wa Rottweil nchini Ujerumani, aliswaga ng'ombe na kulinda mali za wachinjaji. Belgian Malinois, kutoka maeneo ya mji wa Mechelen nchini Ubelgiji, naye alikuwa mchungaji kabla ya kupendwa na majeshi na polisi. Rhodesian Ridgeback, ambaye kanuni za mbegu yake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, alitumika kuwafuata na kuwazuia simba wakati wa uwindaji.

Udogo wa umbo usimdanganye mfugaji. Jack Russell, mwenye jina la mchungaji wa kanisa aliyeishi Devon, Uingereza, katika karne ya 19, ana uzito wa takriban kilo sita tu. Hata hivyo alichaguliwa kwa kumfuata mbweha shimoni bila kuchoka wala kuogopa. Mbwa huyo akiachwa katika ua mtupu, atachimba msingi wa ukuta.

Mbwa wa kienyeji hawapaswi kusahauliwa. Wengi wao wana umbo la kati, manyoya mafupi na mazoea ya joto la mahali walipozaliwa. Wanafundishika kwa njia zilezile, na kwa familia nyingi ndio wanaofaa kuliko mbegu ya kigeni iliyonunuliwa kwa gharama kubwa.

Nguvu zisizo na kazi

Mbwa mzima wa mbegu yenye nguvu nyingi kwa kawaida huhitaji mazoezi ya saa moja hadi mbili, au zaidi, kila siku, pamoja na kazi ya akili. Asipoyapata, urithi wake haufi. Mchungaji asiye na kondoo huwazunguka watoto wanaokimbia na kuwabana visigino. Mlinzi asiyejifunza tofauti ya mgeni na mwizi humrukia kila anayegonga geti. Wengine hubweka bila kukoma, hutafuna milango, au huzunguka mahali pamoja kwa saa nzima.

Wafugaji wengi huamini kwamba mbwa akifungwa mnyororo kutwa ndipo atakapokuwa mlinzi mkali. Ukweli ni kwamba mnyororo humzalia mbwa woga na hasira. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia jambo linalomtisha, hivyo hubakiwa na njia moja ya kujilinda, nayo ni meno. Aidha, asiyewahi kuzoea watu hana namna ya kubagua. Atamng'ata mwizi, na atamng'ata pia shangazi aliyekuja msibani.

Kumpima mfugaji kabla ya kumchagua mbwa

Swali ambalo watu huuliza ni, "Mbwa gani mzuri?" Swali linalopaswa kutangulia ni, "Nyumba hii ina maisha gani?" Mambo sita yafaa kupimwa kwa uaminifu.

Muda. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurejea saa mbili usiku hana nafasi ya mbwa wa kuchunga, isipokuwa kama yupo mtu mzima mwingine aliye tayari kumtembeza na kumfundisha. Muda uhesabiwe kwa siku za kazi. Jumamosi moja ya kukimbia ufukweni haifidii siku sita za bandani.

Mahali. Ua mkubwa husaidia, lakini haumfanyishi mbwa mazoezi. Mbwa aliyeachwa peke yake uani hulala, kisha hutafuta matatizo. Maeneo ya joto, kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, yana sharti la ziada: matembezi yafanyike alfajiri au jioni jua likishapungua. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na anaweza kufa kwa joto akikimbizwa mchana.

Mwili wa mfugaji. Kipengele hiki huwahusu wagonjwa moja kwa moja. Mzee mwenye mifupa dhaifu anaweza kuangushwa na mbwa wa kilo 35 anayevuta kamba, akavunjika nyonga. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu nyingi kwa jeraha dogo. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza asitambue mkwaruzo wa kucha hadi uwe kidonda. Aliyeondolewa bandama, au ambaye kinga yake ya mwili imepungua, yumo katika hatari kubwa zaidi ya bakteria wa mate ya mbwa. Watu hawa hawakatazwi kufuga, bali wanahitaji mbwa mtulivu, mwenye umbo wanaloliweza, na ushauri wa daktari wao. Kwa upande mwingine, mtu aliyeshauriwa kutembea kila siku kwa sababu ya shinikizo la damu au uzito anaweza kumpata mbwa kuwa mwenzi asiyekubali visingizio.

Watu wa nyumbani. Je, wapo watoto chini ya miaka sita? Je, kila mtu amekubali mbwa aletwe? Dada wa kazi ndiye mara nyingi anayemlisha mbwa na kusafisha banda, lakini ndiye asiyeulizwa. Mtu anayemwogopa mbwa asikabidhiwe mbwa huyo.

Majirani. Katika mitaa iliyobanana, kubweka usiku ni kero kwa mgonjwa na kwa mtoto mchanga. Waislamu wengi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mbwa anayemrukia mtu aliyekwisha kutawadha humharibia ibada na huvunja ujirani. Mfugaji mwema huweka geti imara na humshika mbwa wake kwa kamba awapo nje.

Mfuko. Bei ya kununulia ni sehemu ndogo. Kuna chakula, chanjo za kila mwaka, dawa za minyoo na kupe, na matibabu. Asiyeweza kulipia chanjo asinunue mbwa.

Baada ya kujibu hayo, uchaguzi huwa rahisi. Familia yenye eneo kubwa, mtu mzima mwenye muda na nia ya kufundisha yaweza kumudu German Shepherd au Malinois. Familia ya chumba na sebule, yenye watoto wadogo, itafaidika na mbwa wa kienyeji mtulivu aliyezoeshwa watu, au isifuge kwa sasa. Jibu hilo la mwisho nalo ni halali.

Misingi ya mafunzo

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sayansi inaafiki. Watafiti John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor nchini Marekani, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu cha kuzoea ulimwengu, kinachoanza takriban wiki ya tatu na kufifia kuanzia wiki ya 12 hivi. Katika kipindi hicho aonane na watu wazima, watoto, wazee wenye fimbo, pikipiki, wanawake waliovaa baibui na wanaume waliovaa kofia, yote kwa upole. Kabla chanjo zake hazijakamilika, abebwe mikononi asikanyage mahali wapitapo mbwa wengine. Asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane, kwa kuwa kwa mama na nduguze ndipo anapojifunza kupima nguvu za meno yake.

Kanuni ya pili ni kwamba mnyama hurudia lile linalomletea faida. Mfano wa wazi upo Morogoro, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hufundisha panya buku kutambua kwa harufu mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Panya husikia mlio mfupi, kisha hupata chakula, kama vile ndizi au karanga. Akishaujua mlio huo, hufundishwa kwamba utasikika pale tu anapoitambua harufu sahihi. Fimbo haina nafasi katika somo hilo. Ikiwa panya hujifunza kazi nzito namna hiyo kwa tuzo, mbwa aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka hashindwi kujifunza kukaa.

Nyumbani, tuzo yaweza kuwa dagaa mkavu au kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa. Itolewe ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo jema; ikichelewa, mbwa hajui amelipwa kwa lipi. Kila somo lichukue dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Watu wote wa nyumbani watumie neno lilelile. Mafunzo yafuate mpangilio huu:

1. Jina. Mbwa aitwe, akitazama apewe tuzo.
2. Kaa. Tuzo ishikwe juu kidogo ya pua na kusogezwa nyuma. Mbwa atakaa mwenyewe, ndipo neno litamkwe.
3. Njoo. Aitwe kwa umbali mfupi, kisha mrefu. Asiadhibiwe kamwe baada ya kuja, hata kama amekosa.
4. Acha. Ajifunze kuachilia kitu na kupewa kilicho bora zaidi.
5. Mahali pako. Ajue mkeka au kona yake, na atulie hapo wageni wanapoingia.

Kutembea kwa kamba bila kuvuta kufuate, mbwa avaapo ukosi au mkanda wa kifuani. Pamoja na mazoezi ya mwili, apewe kazi ya pua: chakula kitawanywe majanini au kifichwe uani akitafute. Mbwa anayekimbizwa tu bila kufundishwa utulivu hupata pumzi zaidi, wala hapati adabu.

Mipaka iwekwe mapema. Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Anayefurahia mtoto wa mbwa wa kilo nne akimrukia kifuani asishangae mbwa huyo akifanya vivyo hivyo kwa bibi akiwa na kilo 35. Dawa yake ni kumgeuzia mgongo arukapo na kumsifu miguu yote minne inapokuwa chini.

Onyo lisizimwe

Mbwa huonya kabla ya kung'ata. Hugeuza uso, hulamba midomo, hukakamaa, huonyesha weupe wa macho, kisha hunguruma. Mngurumo ni kengele. Anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma huikata kengele na kuuacha moto ukiwaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa familia iliyotajwa mwanzoni: mbwa hakuacha kuogopa kunyang'anywa chakula, aliacha kusema. Njia sahihi ni kumwondoa mtoto, kumpa mbwa nafasi, na kumfundisha taratibu kwamba mtu mzima akikaribia bakuli huongeza chakula badala ya kukichukua.

Watoto wafundishwe nao: wasimguse mbwa anayekula, aliyelala, aliyefungwa au mwenye watoto, wasimkumbatie shingoni, wasikimbie mbele ya mbwa wasiyemjua, bali wasimame wima, mikono ubavuni, wakitazama chini. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata aliyefundishwa vyema.

Lipo jambo moja ambalo si la mafunzo. Mbwa mpole akiwa mkali ghafla, au mkali akiwa mnyonge ghafla, akabadilika sauti, akashindwa kumeza na kutokwa mate, huenda ana kichaa cha mbwa. Asiguswe. Afisa mifugo aitwe mara moja.

Jeraha likitokea

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha lipakwe dawa ya kuua vijidudu ikiwapo. Lisipakwe majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Majeruhi afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mbwa anajulikana. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa dozi kadhaa, na ratiba ikamilishwe hata kidonda kikipona. Majeraha yaliyopenya ngozi huweza kuhitaji pia dawa ya kingamwili. Kinga ya pepopunda ikaguliwe. Mbwa anayeonekana mzima asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 na afisa mifugo, huku matibabu ya majeruhi yakiendelea bila kusubiri.

Nafasi ya mhudumu wa afya

Baada ya huduma ya jeraha, mhudumu anaweza kuuliza maswali manne ambayo hayachukui dakika mbili: Mbwa amechanjwa lini? Huishi vipi mchana? Alikuwa akifanya nini kabla ya kung'ata? Nyumbani wamebaki watoto wangapi? Majibu humsaidia kuielekeza familia kwa daktari wa mifugo, kwani mbwa aliyemng'ata mtoto mmoja na kurudishwa katika mazingira yaleyale atang'ata tena. Huo ndio utekelezaji wa Afya Moja katika ngazi ya zahanati. Lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kinachoenezwa na mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa aliyezoeshwa kushikwa ni rahisi kuchanjwa. Yule wa mnyororo hubaki nyuma ya nyumba siku ya kampeni.

Hitimisho

Mtoto wa kisa cha mwanzoni alioshwa jeraha, akaanza chanjo usiku uleule. Mbwa aliangaliwa siku 10 na kubaki mzima. Familia ilibaki na uamuzi: kubadili maisha ya mbwa, au kumhamishia kwa mfugaji mwenye muda na ujuzi, akielezwa ukweli wote wa yaliyotokea. Kumtelekeza barabarani kungehamishia hatari kwa mtoto wa mwingine. Kovu shavuni litabaki. Lingeweza kuzuiwa miaka miwili nyuma, siku baba alipomtazama mtoto wa mbwa mwenye masikio mazuri bila kujiuliza nani atamtembeza.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo sita ya kupima katika nyumba kabla ya kuchagua mbwa.
2. Kwa nini ua mkubwa peke yake hautoshelezi mbwa wa mbegu yenye nguvu nyingi?
3. Eleza hatari ya kumwadhibu mbwa kwa kunguruma.
4. Ni mabadiliko gani ya tabia yanayoashiria ugonjwa wala si ukosefu wa mafunzo?
5. Jeraha la mbwa huoshwa kwa nini, na kwa muda gani?